Bia ya hopsi bila tarehe ni programu bila nambari ya toleo

Samahani kwa wale waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Inakuja wiki ijayo, Mungu akipenda na stima isipopotea. Leo nina kesi na watengenezaji wadogo wa bia hapa Nairobi, na kesi yenyewe ni ya kiteknolojia kuliko mnavyodhani.

Nazungumzia zile eli za rangi ya dhahabu, zilizotiwa hopsi kwa wingi, ambazo lebo huziita Pale Ale ama IPA. Kwa wasiozijua: Tusker ni laga, huchachushwa kwa baridi na polepole, na hopsi ndani yake ni kama chumvi kwenye mchuzi, huitambui mpaka ikosekane. Eli huchachushwa kwenye joto zaidi, na katika hizi ninazozisema hopsi ndiyo nyama yenyewe. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba, ndugu wa bangi katika ukoo wa mimea (hapana, hailewishi kwa njia hiyo, msianze). Ndani ya ua mna unga wa manjano wenye vitu viwili vya maana: asidi zinazoleta uchungu na mafuta yanayoleta harufu. Ukichemsha hopsi saa nzima unapata uchungu, na mafuta yanaruka na mvuke. Ukizitia mwisho kabisa, ama ukiziloweka kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, unapata harufu ya balungi, embe, ganda la chungwa, msonobari uliokatwa sasa hivi.

Harufu hiyo ndiyo tunayolipia. Bila hiyo umenunua bia chungu kwa bei ya zaidi ya Tusker mbili.

Sasa dai langu. Kiwanda kinachouza eli ya hopsi bila kumwambia mnywaji ilijazwa chupani siku gani kinatucheza shere. Na wanaoshangilia kila chupa mpya kwa kuwa tu ni ya kiwanda kidogo, cha nyumbani, cha vijana wetu, wanakisaidia kutucheza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu hatii maji, anaacha bia izeeke kwenye rafu na kuiita ufundi.

Mafuta ya hopsi hayadumu. Oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kujaza chupa huanza kazi siku hiyo hiyo, na joto huiharakisha. Watengenezaji wa Marekani wana kanuni ya kukadiria ambayo kila mtu anaweza kuikariri: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22, siku 300 kwenye nyuzi 3. Maana yake, bia iliyokaa siku 3 kwenye buti la gari juani imechakaa sawa na iliyokaa miezi 10 kwenye friji nzuri. Ni makadirio, si sheria ya Newton, lakini chukua kanuni hiyo uilete kwetu. Nyuzi 22 ni rafu ya duka lolote Nairobi siku ya kawaida. Nyuzi 32 ni stoo ya Mombasa mwezi wa Machi. Halafu bia hiyo hiyo inapakiwa kwenye lori, inateremka Barabara ya Mombasa mchana kutwa, inashushwa, inasubiri mwenye duka arudi kutoka mazishini, na miezi 4 baadaye wewe unainunua ukiambiwa ina harufu ya embe. Embe gani? Hiyo ni katoni iliyonyeshewa.

Sisemi kwa kubahatisha. Mwezi uliopita nilifanya jaribio dogo. Nilichukua eli ya kiwanda kimoja (sitakitaja, tabia hii ni ya wengi) kutoka sehemu tatu: chupa niliyojaziwa kwenye mfereji wa kiwandani asubuhi hiyo, chupa kutoka friji ya baa, na chupa kutoka rafu ya duka kuu, pale juu karibu na taa. Nikazitia zote friji moja mpaka zikalingana baridi. Rafiki akamimina jikoni kwenye glasi zinazofanana, nambari zimebandikwa chini, sisi tukiwa sebuleni. Hakuna aliyejua ipi ni ipi, hata mimi. Wanaoandika programu wanajua sababu: anayejua jibu hawezi kujijaribu mwenyewe.

Tulikuwa wanne. Wawili ni wenzangu wa kazini wanaojifanya wataalamu. Wa tatu ni shemeji yangu, mtu wa Tusker ya moto tangu nimjue, ambaye husema eli hizi ni dawa ya malaria yenye povu. Wote wanne tuliitenga ile ya rafuni bila kushauriana. Ya mfereji ilinukia balungi kabla glasi haijafika mdomoni, uchungu ukaja safi na kuondoka safi, nyuma yake utamu mdogo wa kimea kama ukoko wa mkate. Ya friji ya baa ilikuwa dada yake mkubwa, mtulivu, harufu imepungua lakini bado ni yeye. Ya rafuni ilikuwa na rangi nzito zaidi, tamu kama asali iliyoungua, harufu ya karatasi, halafu uchungu mtupu uliobaki ulimini kama deni. Uchungu hauondoki upesi kama harufu, ndiyo maana bia ya hopsi ikizeeka huwa chungu bila sababu.

Shemeji akashika glasi ya mfereji akauliza, "Na hii mnaificha wapi siku zote?"

Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu huyu amezikataa bia hizi miaka mingi kwa haki kabisa, kwa sababu alichokuwa anauziwa ni ile glasi ya rafuni. Viwanda vidogo vinalia kwamba Wakenya hawana ulimi wa hopsi, kwamba tumezoea laga tangu 1922 ile Kenya Breweries ilipoanzishwa. Ulimi upo. Mnaumwagia bia mfu halafu mnaulaumu ulimi.

Nilimwandikia mwenye kiwanda. Jibu lilikuja kwa heshima zote: bia ya ufundi ina uhai, kila chupa ina hadithi yake, na tofauti hizo ni sehemu ya raha. Wasimamizi wa miradi mnaitambua sauti hiyo. Ni ile ya "hiyo si hitilafu, ni sifa ya programu". Kama kila chupa ina hadithi, basi niandikie kwenye lebo hadithi ilianza lini!

Na hapa nitangulie wale watakaosema tarehe ipo. Ndiyo, ipo: ya mwisho wa matumizi, imepigwa mbele mwaka mzima, kwa wino unaofutika kwa jasho la chupa. Tarehe hiyo inaniambia siku ambayo bia haitanidhuru. Bia hainidhuru hata ikiwa ya miaka 5, maana pombe, uchungu na ukosefu wa hewa huzuia vijidudu vibaya. Sikuuliza kama nitakufa. Niliuliza kama ina harufu niliyoilipia. Maziwa ya pakiti yananiambia. Mama wa chapati pale mtaani ukimuuliza anakuambia hizi ni za asubuhi, ngoja zinazotoka. Huko California kiwanda cha Stone kilianza mwaka 2012 kuuza IPA ambayo tarehe ndiyo jina lake: Enjoy By, halafu siku yenyewe, wiki tano hivi baada ya kujazwa, kwa herufi kubwa mbele ya chupa. Hawakufilisika kwa ukweli huo.

Pingamizi la pili hutoka kwa waliosoma nusu ya historia. IPA, wanasema, ilibuniwa kusafirishwa kutoka Uingereza hadi India, miezi mingi baharini kupitia Rasi ya Tumaini Jema, bila friji. Sasa wewe unalia na miezi 4 ya Nairobi? Kwanza, kwamba mtu mmoja aliibuni kwa ajili ya safari ni hadithi tamu ambayo Martyn Cornell, mwanahistoria wa bia, aliichambua mpaka ikabaki mifupa. Pili, na hili ndilo kubwa, bia ile ilitengenezwa ili izeeke. Hizi za leo ni ukoo mwingine, zinatokana na Sierra Nevada Pale Ale, ambayo Ken Grossman alianza kuipika Chico, California, mwaka 1980, akitumia hopsi ya Cascade iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Uzuri wa Cascade ni ile harufu ya maua na balungi, na harufu hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Huwezi kuuza ujana wa Cascade kwa kisingizio cha uzee wa meli.

Badala ya tarehe tunapewa nini? IBU. Nambari ya uchungu, imeandikwa kubwa kama bei ya sukari. 45! 60! 85! Mnakumbuka enzi za megahezi, wauzaji wa tarakilishi walipokuwa wakitupigia kelele za kasi ya prosesa huku kumbukumbu ni ya kupimwa kwa kijiko? Ni mchezo ule ule. IBU 1 ni takriban miligramu 1 ya asidi ya hopsi iliyochemshwa katika lita 1 ya bia. Haisemi lolote kuhusu harufu, wala kuhusu utamu unaouzuia uchungu usikuumize, na mara nyingi imekokotolewa tu kwenye tarakilishi bila kupimwa maabara. Mikkeller wa Denmark walishauchezea mchezo huu hadi mwisho kwa kutoa bia waliyoiita 1000 IBU. Ulimi wa binadamu ulishaacha kuhesabu kitambo.

Msinielewe vibaya kuhusu baridi pia. Mhudumu akiuliza "ya moto ama baridi?" mimi sina ugomvi na wa moto. Eli ya hopsi ikinywewa kwenye barafu hufunga harufu yote. Iache glasi dakika 10 mezani ndipo inene. Kunywa bila baridi kali ni haki yako. Kuhifadhi kwenye joto ni jambo lingine kabisa, na mwenye baa anayeacha kreti nyuma ya jiko hana utetezi. Wala mwenye kiwanda anayetumia chupa nyeupe inayopitisha mwanga: jua ama taa likigusa asidi za hopsi, bia hunuka kama kicheche ndani ya muda mfupi. Chupa ya kahawia hukinga sehemu kubwa. Hili linajulikana, si siri ya jeshi.

Wanasema gharama. Gharama gani? Kila chupa halali tayari ina stempu ya ushuru yenye msimbo wake, na KRA wana programu ya rununu, Soma Label, ya kukagua kama stempu ni ya kweli. Yaani chupa ina kitambulisho tayari, kwa ajili ya mtoza ushuru. Mnywaji ndiye hana. Msimbo wa QR unaofungua ukurasa wenye nambari ya mkupuo, siku ya kujaza na majina ya hopsi ni kazi yangu ya alasiri moja, na kiwanda kitakachokubali nitakifanyia bila malipo. Hata mhuri wa mpira na wino mzuri unatosha.

Majina ya hopsi nayataka kwa sababu nyingine. Mmea huu unahitaji siku ndefu za kiangazi ili utoe maua vizuri, na sisi tuko ikweta, saa 12 mchana, saa 12 usiku, mwaka mzima. Kwa hiyo hopsi zetu zinaletwa. Zile za kaskazini huvunwa Agosti na Septemba. Za Afrika Kusini, kule karibu na mji wa George, huvunwa Februari na Machi. Mpishi mwenye akili angezipokezanya, apate mavuno mapya mara mbili kwa mwaka, na angejivunia hilo kwenye lebo. Anayeandika "hopsi bora zilizoagizwa kutoka nje" ananificha mwaka wa mavuno, na nina haki ya kushuku.

Mkihofia kuibiwa mapishi, tazameni wengine. Mwaka 2004 wanafunzi wa Copenhagen walitoa bia ya Vores Øl pamoja na mapishi yake kwa leseni ya Creative Commons. Mwaka 2016 BrewDog wa Uskoti wakaweka mapishi yao yote mtandaoni. Kiingereza huwatesa wenzetu hapa, maana neno lao moja linabeba mambo mawili. Sisi tuna huria na tuna bure, hatuchanganyikiwi. Siombi bia ya bure. Nitalipa bei ile ile ya Tusker mbili na zaidi, na shemeji amesema atalipa pia, mradi aone kwenye chupa siku ilipojazwa.