Haki ya Migahawa ya Vichochoroni

Ijumaa iliyopita, jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, mimi na sahibu yangu wa siku nyingi tuliazimu kuipitisha jioni nzima katika kula, si kwenye mahoteli yenye bustani na muziki wa kishindo, bali katika migahawa ile midogo ya mitaani ambayo watu wa Mwanza huiita hoteli bila ya kuona haya, ingawa aghalabu haina zaidi ya mabenchi manne, birika la kunawia mikono, na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya vyakula ambavyo nusu yake vimekwisha.

Tulianzia Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Mpishi, mama wa makamo aliyetuita “wanangu” ijapokuwa mmoja wetu ana mvi, alikuwa amemchanja sato mara tatu kila ubavu, akamsugua chumvi na ndimu, akamkaanga hata ngozi ikakauka, kisha akamlaza katika mchuzi wa nyanya na vitunguu uliotokota taratibu juu ya jiko la mkaa. Ugali ulikuwa wa udaga, wa kuvutika, ambao tonge lake halikubali pupa. Tulipouliza bei alitutazama viatu kwanza, akataja kiasi ambacho naamini sicho alichotajiwa mvuvi aliyekaa mkabala nasi. Wala sikuona vibaya, maana mvuvi yule hakulipa kitu: deni lake liliandikwa katika daftari lililolowa mafuta, naye akaaga kwa heshima zote.

Kwenye mabenchi kama hayo ndipo baba zetu walipokula samaki wa furu na ningu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 zama za Waingereza, alikuja kushamiri miaka ya 1980 akawafyeka furu aina kwa aina; na viwanda vya minofu viliposimama Mwanza katika miaka ya 1990, nyama yake ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi wenye ziwa tukabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mahoteli makubwa hayakuyagusa. Mgahawa wa kichochoroni ndio ulioyapokea, ukayakaanga, ukayatia chumvi na pilipili, ukamlisha mchukuzi na mwanafunzi. Kwa hiyo ninaposema kuwa sufuria hizi ni tarikhi ya Ziwa Viktoria, sisemi kwa kupamba maneno.

Mabatini tulikunywa supu ya makongoro, nzito na ya kunata midomoni. Kisha chai ya tangawizi karibu na Makoroboi, mtaa uliopewa jina na vibatari vya kopo. Sambusa zilikuwa zimepoa, nalo ni kosa.

Najua atakayenijibu kwa habari ya nzi, moshi na maji ya ndoo. Hoja hiyo ni ya haki, na aliyewahi kuugua tumbo hana haja ya kufundishwa. Lakini dawa ya maji machafu ni bomba, si kuvunja banda. Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara za miji yetu, mama lishe nao waliondoka pamoja nao, na aliyehamishwa mbali na wateja wake huacha nyuma pia lile daftari la madeni, maana hajui tena wadeni wake wapo wapi. Wapo wanaouthamini ukongwe wa namna hii: Wakorea wana neno nopo, yaani duka kongwe, na hulitamka kwa fahari. Mji wa Seoul ulianza mwaka 2017 kuyatambua rasmi maduka yaliyodumu miaka 30 na zaidi. Sioni kwa nini halmashauri za Nyamagana na Ilemela zishindwe kufungua daftari la kuitambua migahawa yetu vivyo hivyo, zikampa kila mpishi mkongwe kibali cha kudumu, bomba la maji na shimo la taka, kabla ya ramani ya stendi au soko jipya kumpitia juu.

Waheshimiwa madiwani, nendeni mkale kule kwanza, kisha ndipo mpige kura juu ya ramani hizo. Ila mfike kabla ya saa mbili usiku, kwani sato huisha mapema.