Waacheni wa Kidichi warudi kwenye Winning yao

Mgeni akifika Kidichi anapelekwa sehemu mbili. Kwanza hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, halafu shamba la viungo, ambako atanusishwa mdalasini, atapakwa zingifuri mdomoni na kuvishwa kofia ya makuti. Akipanda gari kurudi mjini anaamini kaimaliza Kidichi.

Kijana aliyekulia hapo, wa miaka ya mwanzo ya tisini, ana ukumbusho wake mwengine ambao haumo kwenye ramani ya watalii. Ni Play Station 2 nyeusi, TV ya chogo, benchi la mbao na CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: WINNING. Ndani ya kibanda cha mabati, joto la kufa mtu, na watoto kumi na tano wakigombania pedi mbili. Kijana huyo leo ana mke na watoto, pengine ndiye huyo huyo anayewatembeza wageni kwenye mikarafuu. Lakini usiku, akishamaliza kazi zake, anatafuta kwenye simu au kompyuta namna ya kuicheza tena ile Winning ya zamani. Wengine wameitoa PS2 mvunguni na kuifuta vumbi. Na wako wanaowacheka, ati mtu mzima na ndevu zake anacheza mchezo wa kitoto, tena wa kizamani, wakati mipya ipo.

Hao wanaocheka hawajui kilichokuwemo mle kibandani.

Ili kuelewa, lazima kurudi kwenye msimu ule wa giza. Disemba 2009 laini inayoleta umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari iliharibika, na Unguja nzima ikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Na haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2008 kisiwa kilishakaa takriban mwezi mzima gizani, kuanzia Mei hadi Juni. Lakini ule wa pili ndio uliotia adabu. Pampu za maji zilisimama, ndoo zikapanga foleni visimani, samaki wakawa hawalali kwenye barafu, hoteli zikaunguruma jenereta usiku kucha na mwananchi wa kawaida akarudi kwenye kandili na mshumaa.

Kwa watu wa mpira msimu ule ulikuwa na utamu wake pia, ingawa kusema hivyo mbele ya mama aliyekuwa akibeba maji ni kutafuta ugomvi. Januari 2010 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Angola. Vibanda umiza vyenye jenereta vilijaa hadi madirishani. Misri ikaifunga Ghana bao 1-0 kwenye fainali, bao la Gedo aliyetokea benchi, ikabeba kombe kwa mara ya tatu mfululizo. Na mechi ikishakwisha, kama petroli imebaki kidogo kwenye tangi, mwenye kibanda anachomeka PS2. Hapo ndipo palipokuwa patamu.

Petroli ilikuwa pesa, kwa hiyo muda ulikuwa pesa. Mechi zilipunguzwa dakika. Sheria ilikuwa moja tu, anayefungwa anatoka, na hakuna cha kusema pedi mbovu, ingawa pedi kweli ilikuwa mbovu na kila mtu alijua ni ile ya kulia, ambayo kitufe chake cha mraba lazima ukikandamize kwa hasira ndipo mtu apige shuti. Jenereta ikikohoa, watu wote kimya. Ikizima huku wewe unaongoza 2-1 na zimebaki dakika tano, basi hiyo kesi inaweza kufika kwa sheha. Wapo watu wazima Kidichi mpaka leo wana deni la mechi lililokatwa na jenereta mwaka 2010, na mdai hajasamehe.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kampuni ya Konami ya Japani. Wajapani waliuita Winning Eleven, kwa Wazungu ukaitwa Pro Evolution Soccer, na toleo la sita la mwaka 2006 ndilo ambalo wengi hawajalitoa moyoni. CD nyingi zilizofika huku zilikuwa za kunakiliwa, nyengine zikiwa na mtangazaji wa Kijapani, Jon Kabira, akipiga makelele ambayo hakuna mtu Kidichi aliyeyaelewa hata neno moja na ambayo watoto wote waliyakariri. Konami haikuwa na leseni za klabu nyingi za England. Chelsea iliitwa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red. Hakuna aliyejali. Mtoto wa darasa la tano alijua kwamba London FC ndiyo ya Drogba, kama anavyojua kwamba mjomba wake anaitwa Juma kwenye kitambulisho na Bakari nyumbani.

Na mguu wa kushoto wa Adriano! Mshambuliaji yule wa Inter alikuwa balaa. Alipiga kutoka katikati ya uwanja, na vibanda vingi vikaweka sheria ya ziada kwamba Inter hairuhusiwi, au kama unaichukua basi Adriano akae nje. Barcelona ilikuwa na Ronaldinho na Eto'o, Arsenal ina Henry. Aliyechukua Roma alikutana na Shabani Nonda, Mkongo ambaye kabla ya Ulaya alivaa jezi ya Yanga. Hilo lilikuwa na uzito wake. Mtu aliyekanyaga majani yale yale ya Dar es Salaam ambayo kaka zao walikuwa wakiyaona ndani ya TV ya chogo anakimbia na Totti. Mashabiki wa Simba hawakumchukua, hata kama walikuwa wanafungwa.

Kisiwa hiki majina ya Ulaya kiliyachukua mapema. Nadir Haroub, mtoto wa Zanzibar aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, taifa zima lilimjua kwa jina la Cannavaro. Uwanjani mchangani kulikuwa na akina Zidane na Kaka wasiohesabika. Gemu lilifanya kinyume chake, lilikuwa na sehemu ya kuhariri ambamo ungeweza kuifuta timu usiyoipenda, ukaipa jezi mpya na majina mapya. Cameroon ilikuwemo, Nigeria, Ghana na Ivory Coast pia. Tanzania haikuwemo. Zanzibar ndiyo usiseme. Mwenye memori kadi na subira aliweza kukaa usiku mzima akiandika majina herufi moja moja kwa pedi mpaka Zanzibar Heroes ikaingia uwanjani kucheza na Brazil.

Hapa ndipo kichekesho kinapogeuka. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF iliipa uanachama kamili, watu wakashangilia barabarani, na Julai mwaka ule ule ukafutwa. Miezi minne tu. Disemba Heroes wale wale wakaenda Kenya kwenye Chalenji, wakaitoa Uganda nusu fainali kwa 2-1, wakafika fainali Machakos na kwenda sare ya 2-2 na wenyeji, wakashindwa kwa penalti. Timu iliyomfunga bingwa mtetezi haina nafasi ya kucheza kufuzu Kombe la Dunia. Kwa kizazi hiki, mahali pekee ambapo Zanzibar ilicheza Kombe la Dunia ni ndani ya memori kadi ya PS2, na kama kadi ile imepotea, basi na rekodi imepotea nayo.

Ukweli lazima usemwe: ukiirudia Winning ya 2006 leo, dakika kumi za mwanzo utasikitika. Nyuso za wachezaji ni kama zimechongwa na fundi aliyekuwa na haraka. Beki anageuka kama lori la mchanga kwenye njia nyembamba. Mashabiki jukwaani ni karatasi. Anayecheza peke yake chumbani, simu mkononi na masikio yamezibwa, ataiacha usiku ule ule na kusema kumbe haikuwa lolote. Wengi wamefanya hivyo. Lakini waite wawili wa zamani, waweke benchi moja, anayefungwa atoke. Mechi ya tatu haifiki, utasikia mtu anatukanwa kwa kufungwa bao la mbali na mwengine anadai Adriano asiruhusiwe. Kilichokuwa kinatafutwa ni hicho, wala hakimo ndani ya CD.

Tofauti kubwa kati ya mchezo ule na wa leo ipo kwenye mfuko, si kwenye picha. CD ya Winning ilinunuliwa mara moja. Kijana alilipa shilingi zake za mechi, akacheza, akafungwa, akatoka nje kucheza mpira wa kweli kwa sababu pesa imekwisha. Sasa gemu ni la bure kuanzia mlangoni na lina bei kila chumba. Konami yenyewe mwaka 2021 iliua jina la Pro Evolution, ikaleta eFootball isiyolipiwa kuingia, lakini mchezaji mzuri unamtafuta kwa kubahatisha. Wapinzani wao wa EA, walioachana na jina la FIFA na kutoa EA Sports FC tangu 2023, wanauza pakiti ambazo mnunuzi hajui atatoka nani ndani, Mbappé au kipa wa akiba. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema mambo hayo ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Huku kwetu mtoto anafanya yote hayo kwa simu ya baba yake, kimya kimya, na baba anadhani amemwepusha na uhuni wa kibandani.

Anayeshangaa kwa nini vijana wengi wanasuka mikeka kabla hawajapata kitambulisho aanzie hapo. Mtu aliyezoea kulipa ili abahatishe mchezaji, hatua moja tu imebaki alipe ili abahatishe matokeo.

Wazee waliokuwa wakivifukuza vibanda enzi zile walikuwa na hoja. Watoto walitoroka chuoni. Sare za skuli zilionekana kwenye benchi saa nne asubuhi. Chenji ya mkate ilipotea njiani, na wapo waliowekeana pesa nani atashinda. Kibanda kisicho na mwenyewe mkali kilikuwa shimo. Lakini vilikuwepo pia vibanda ambavyo mwenyewe alikuwa mkali kuliko mwalimu. Adhana ikilia TV inazimwa, mwenye sare haingii, mtoto mdogo magharibi anafukuzwa aende kwao. Mzazi alijua mwanawe yuko wapi, na akimtaka anatuma mdogo wake kwenda kumwita. Leo mtoto yuko chumba cha pili na hakuna anayejua yuko na nani.

Kwa hiyo hawa watu wazima wa Kidichi wanaofuta vumbi PS2 wasichekwe, wapewe kazi. Mwezi wa Ramadhani viwanja vya mchangani vinapumzika na baada ya tarawehe vijana wamejaa kwenye mabaraza, wengine keram, wengine dhumna, wengine wanazurura tu. Timu za Kidichi na jirani zao wa Bububu zina watoto wa Juvenile na Junior ambao usiku ule hawana pa kwenda. Mashindano ya Winning ya zamani, wakubwa dhidi ya wadogo, hayahitaji intaneti, hayahitaji bando, hayahitaji mdhamini wa mamilioni. Yanataka TV mbili, PS2 mbili, pedi nne nzima na mtu mzima wa kusimamia asiyekuwa shabiki wa yeyote. Sheha atoe kibali na aweke masharti: hakuna kuwekeana pesa, watoto wanaondoka saa nne, asubuhi skuli. Kingilio kikusanywe, kiende kununua mipira na nyavu za timu za watoto. Na ile sehemu ya kuhariri ifanyiwe kazi kabla, ili Heroes iwemo kwenye droo.

Hili si la kuliweka mpaka mwakani. Sony iliacha kuzitengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, na zilizobaki kisiwani zinakufa moja moja. Kinachokufa kwanza ni lenzi ya kusomea CD. Mashine inawaka, taa ya kijani iko palepale, lakini CD inazunguka na kugoma. Mafundi wanaojua kuifungua na kuirekebisha lenzi bila kuimaliza ni wachache, na vijana wanaojifunza ufundi sasa wanafungua simu tu. Wenye mashine Kidichi wazikusanye kabla ya mwezi kuandama, nzima na mbovu pamoja, maana mbovu tatu mara nyingi hutoa moja nzima, na wampelekee fundi akiwa bado yupo. Pedi ya kulia wakumbuke kuikagua kitufe cha mraba.