Maumivu ya Taya na Kusaga Meno
Hapa Ipuli twasikia mara nyingi ya kwamba mtoto asagaye meno usingizini ana minyoo. Minyoo ina dawa yake. Lakini kusaga meno peke yake si alama yake, na watoto wengi huacha wenyewe wakikua.

Kwa mtu mzima ni habari nyingine. Aamkapo, mapanja yanamwuma, na kiungo cha taya, kilicho mbele ya sikio, hualika apigapo miayo. Basi wengi hulaumu jino, wakang'olewa jino zima, na maumivu yakabaki pale pale!

Yafaa kwanza kulipumzisha taya. Kwa siku kadhaa aache miwa na mahindi ya kuchoma (hata masega ya asali, ijapokuwa kwa mtu wa Tabora ni vigumu), akajikande kwa kitambaa chenye joto la kiasi dakika 15 au 20. Mashaka ya moyo huzidisha kusaga. Nanyi walimu, msahihishapo madaftari, jiangalieni: je, meno yamebanana? Midomo ifungwe, meno yasigusane.

Lakini taya likikaza lisifunguke, hasa baada ya jeraha, msingoje: huenda ni pepopunda. Mpelekeni mgonjwa Hospitali ya Kitete siku ile ile.