Televisheni ya promo: bei imeshuka kweli?

Kwenye dirisha la duka moja katikati ya mji wa Butembo, kuna karatasi ya manjano iliyobandikwa kwenye televisheni ya inchi 43. Juu imeandikwa 650.000 franka, ikakatwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake, kwa herufi kubwa: PROMO, 560.000. Si televisheni ya bei ya juu kabisa, wala si zile zisizo na jina ambazo hakuna fundi anayetaka kuzifungua. Ni ya katikati: jina linajulikana, ina 4K, inaingia intaneti. Muuzaji alinikuta nikiitazama akaniambia: «Patron, hii ni promo ya mwisho. Wiki kesho haiko tena.»

Ya kwangu nyumbani ina miaka tisa na mstari mweusi pembeni. Nilikuwa na sababu zote za kutoa feza siku hiyo. Lakini nilirudi bila kununua, kwa sababu ya hesabu moja ambayo naona wakaaji wengi hawaifanyi, na ambayo wafanyabiashara hawana haraka ya kutufanyia.

Bei ile ya zamani, 650.000, iliandikwa lini? Muuzaji mwenyewe aliniambia ni ya «katikati ya mwaka 2025». Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa inabadilishwa kwa zaidi ya franka 2.800. Tuchukue 2.850. Televisheni hiyo ilikuwa basi na bei ya dola 228. Kisha ukafika mwezi wa kenda na mwezi wa kumi mwaka huo huo, na franka yetu ikapanda kwa haraka ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona: dola ikashuka hadi chini ya franka 2.400. Tupige hesabu kwa 2.300: franka 560.000 za promo ni dola 243. Yaani kwa dola, televisheni imepanda dola 15. Kwa franka, imeshuka 90.000. Karatasi ya manjano haidanganyi, lakini inaonyesha upande mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama televisheni ni nzuri. Swali ni kwamba wewe unapokea nini. Mwalimu au mtumishi wa serikali anayelipwa kwa franka anapata punguzo la kweli, tena zuri. Lakini jirani yake aliyeweka dola 230 ndani ya bahasha tangu mwaka uliopita, akingoja siku ya kununua, angeweza kuichukua televisheni hiyo kwa bei ya zamani na kubaki na feza ya kubebesha. Leo bahasha ile ile inampa franka 529.000. Anapungukiwa na 31.000 mbele ya kitu ambacho kinaitwa kimepunguzwa bei.

Sisemi kwamba mwenye duka ni mwizi. Mali hiyo inanunuliwa kwa dola, huko Dubai au Guangzhou, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi, na kila mahali kuna mtu wa kulipa. Aliyenunua mzigo wake dola ikiwa juu hawezi kuamka asubuhi na kufuta bei zote kwa sababu Benki Kuu imetangaza kiwango kipya. Hilo tunalielewa. Kisichoeleweka ni kuita punguzo kitu ambacho ni kiwango cha dola tu kimebadilika, tena nusu nusu, kwani kama bei ingefuata dola sawasawa, televisheni ya dola 228 ingeuzwa leo karibu 525.000.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwezi wa tano 2022, muuzaji anayetangaza punguzo analazimishwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia kitu hicho katika siku 30 zilizotangulia. Huwezi kuchimbua bei ya miezi sita iliyopita na kuikata kwa kalamu nyekundu. Sisi tuna sheria ya tarehe 9 mwezi wa saba 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani. Uhuru wa bei ni sawa, kila mtu apange bei yake. Lakini tarehe kando ya bei iliyokatwa haimwondolei mtu uhuru wowote, na wakaguzi wa uchumi ambao tunawaona sokoni wakiuliza karatasi za kodi wangeweza pia kuuliza swali hilo.

Tuingie sasa kwenye televisheni yenyewe, maana wengine watasema: dola 15 si kitu, kama chombo ni kizuri.

Neno linalouza zaidi ni 4K. Maana yake kioo kina nukta nyingi mara nne kuliko kile cha Full HD. Ni kweli. Lakini picha inatoka wapi? Nyumba nyingi za hapa zinatazama dekoda, na chaneli zake zinatoka kwa HD, nyingine chini ya hapo. Televisheni haitengenezi nukta ambazo hazikutumwa; inazinyoosha tu. Ili kupata 4K ya kweli unahitaji intaneti. Netflix inaomba mwendo wa megabiti 15 kwa sekunde, na saa moja inaweza kula hadi gigabaiti 7. Mtu anayenunua megabaiti kwa simu anajua saa moja hiyo ingemgharimu nini. Kwa inchi 43, ukikaa mita tatu kutoka kioo, jicho halitofautishi vizuri hata hivyo. Mimi singeongeza hata franka elfu kumi kwa ajili ya herufi hizo. Zikija bila kulipiwa, karibu.

Umeme ndio ungepaswa kuandikwa kwenye karatasi ya manjano. Wengi katika vilima vya Butembo wanatumia paneli za jua na batri. Batri ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 inabeba wati-saa 1.200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema. Ondoa kinachopotea wakati wa kugeuza umeme kuwa volti 220, unabaki na kama wati-saa 500. Televisheni ya inchi 43 inakula karibu wati 70. Weka dekoda na taa mbili, unafika 95. Hiyo ni zaidi ya saa tano: habari, filamu ya watoto, na mechi. Ile ya inchi 55 iliyo kando yake dukani, ambayo nayo ina promo, inakula karibu wati 120. Pamoja na vingine, batri hiyo hiyo inakupa saa tatu na nusu. Na jua la kwetu, mji uliojaa mawingu, halijazi batri kila siku. Nimeona familia zilizonunua kioo kikubwa na kukiwasha siku ya Jumapili tu.

Kwa aliye kwenye laini ya umeme, tatizo si ukosefu peke yake. Ni kurudi kwa umeme. Baada ya delestaji, umeme unaporudi kwa nguvu, ndipo sehemu ya ndani inayopokea umeme inapoungua. Geuza televisheni nyuma usome: ikiandikwa 100-240 V, inavumilia umeme dhaifu. Ikiandikwa 110 au 127 peke yake, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, iache hapo hapo. Na hata hiyo inayovumilia inahitaji stabilizatere nzuri. Bei ya stabilizatere inaweza kumeza franka 90.000 zote za punguzo, na muuzaji hakutajii mpaka umeshalipa.

Lakini lililonifanya niandike makala haya ni jambo la jirani yangu, mama anayeuza vitenge. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alinunua televisheni ya inchi 55 yenye promo, katika duka ambalo sitalitaja. Mwezi wa pili, nusu ya chini ya kioo ikawa giza. Sauti iko, picha iko, mwangaza hauko. Ni ugonjwa unaojulikana: vitaa vidogo vilivyo nyuma ya kioo vimekufa. Aliporudi dukani, walimwonyesha maandishi ukutani, yale ambayo sote tumezoea kuyaona kwa Kifaransa: kitu kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Alilia pale pale. Feza ile ilikuwa ya wanawake kumi na wawili kwa zamu, na alikuwa bado na miezi mingi ya kulipa.

Maandishi yale ukutani si sheria. Sheria ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali inatumika katika nchi yetu, na inasema muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika katika kitu alichouza, ikiwa kasoro hiyo inakifanya kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza yake, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu. Muuzaji aliyejua kasoro hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya ukutani. Lakini mnunuzi anapaswa kudai upesi, tena awe na kitu cha kuonyesha. Mama huyo alikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa «TV 1», bila jina la duka, bila namba ya chombo. Hakuna mwanasheria ambaye angeanza na hapo.

Kwa hiyo, ikiwa unataka kununua, fakitire ndiyo kitu cha kwanza. Iwe na mhuri, tarehe, aina ya televisheni na namba yake ya nyuma, na muda wa garanti ulioandikwa kwa mkono wa muuzaji. Akikataa kuandika, basi anajua jambo ambalo wewe hujui, au hana imani na mali yake, na kwa vyovyote punguzo lake halitoshi. Waombe waiwashe pale dukani kwa nusu saa, si dakika mbili. Njoo na kifunguo cha USB chenye picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na nukta zilizokufa, kwenye nyeusi, taa za duka zikizimwa, utaona kama pembe zinavuja mwangaza. Jaribu kila tundu la HDMI. Fungua YouTube uone inachukua muda gani, kwa sababu zile zenye kumbukumbu ndogo zinaanza kukwama mapema, na baada ya miaka michache programu zake hazipati tena marekebisho. Na tafadhali, usiibebe kwa pikipiki ikiwa imelala. Kioo kikipasuka, hakuna fundi wa kukusaidia: kioo ndicho karibu bei yote ya televisheni.

Uliza pia fundi wako kabla ya kumuuliza muuzaji. Mafundi wa mtaa wanajua ni aina gani vitaa vyake vinapatikana sokoni na ni ipi inabaki kwenye rafu kwa miezi ikingoja kipande kutoka Kampala. Televisheni ya katikati ambayo vipande vyake vinapatikana hapa ina thamani kuliko ile nzuri zaidi ambayo haina mtu wa kuifungua.

Kuhusu wafanyabiashara, FEC ya Butembo ina nguvu ya kukubaliana juu ya bei ya usafiri na juu ya siku za kufunga maduka. Inaweza pia kukubaliana juu ya karatasi moja ya garanti, ya miezi sita tu, kwa vyombo vyote vya umeme vinavyopita dola 100. Wale wanaouza mali nzuri hawatapoteza kitu. Wale wanaomaliza mzigo mbovu kwa jina la promo watapoteza, na sioni sababu ya kuwahurumia.

Mimi ninalipwa kwa franka, nyumbani nina batri moja, na watoto wanataka katuni. Kwa hesabu yangu, ile ya inchi 43 kwa 560.000 inafaa, pamoja na stabilizatere, kama garanti imeandikwa. Ile ya inchi 55 haifai, hata wakishusha tena.

Siku ya kumi baada ya «promo ya mwisho», muuzaji alinipigia simu. Televisheni ingali dirishani, na mkubwa wake anakubali 540.000. Nilimuuliza kama atanitilia garanti kwenye fakitire. Akacheka kidogo, akasema: «Ngoja nimuulize mkubwa.» Bado nangoja jibu.