Karati Mbili, Mizani Moja

Mwanamke aliyefikwa na shida huvua pete aliyoachiwa na bibi yake, akaipeleka kwa sonara. Sonara huigeuzageuza, huisugua kidogo juu ya jiwe la kujaribia dhahabu, huiweka mizanini, kisha hutamka maneno ambayo Mji Mkongwe na Mombasa wameyazoea: "Jiwe halina bei, mama. Kioo tu hicho. Nakupa ya dhahabu." Uzito wa jiwe hukisiwa kwa jicho, hukatwa, na mwenye pete huondoka na thamani ya kilichobaki. Jiwe lenyewe halirudi naye. Ikiwa ni kioo, mbona huchomolewa kwa koleo taratibu vile, likafungwa katika karatasi, likatiwa katika mtoto wa meza?

Wapo masonara waaminifu, tena wengi. Iliyo mbovu ni desturi yenyewe, na hata mwaminifu akiifuata humdhulumu mteja pasi na kukusudia.

Ubovu huo umejificha ndani ya neno moja. Karati imesafiri mbali: imetoka kwa Waarabu, na kabla yao kwa Wayunani, walioliita kwa mbegu ya mkharubu, iliyotumika zamani kupimia vitu vidogo. Leo neno hilo hubeba mizigo miwili. Kwenye dhahabu, karati haipimi uzito hata chembe; hupima usafi. Dhahabu ya karati 24 ni tupu, ya 21 ina sehemu 21 za dhahabu katika kila 24, ya 18 ni robo tatu. Kwenye kito, karati ni uzito: gramu 0.2, kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1907. Hivyo gramu 1 ya jiwe ni karati 5. Mteja anayeambiwa "karati 21" hudhani ameshaambiwa yote yaihusuyo pete yake, kumbe habari za jiwe hazijaanza. Na sonara anapokata gramu 1 "ya jiwe" kama mtu apukutaye vumbi, amekata karati 5. Na yakuti njema ya karati 5 yaweza kuinunua dhahabu ya pete ile mara nyingi.

Watetezi wa desturi hujibu kwamba dhahabu ina bei ya siku, jiwe halina. Ni kweli. Kito huthaminiwa kwa rangi, usafi, ukataji na uzito, na mawe mawili ya uzito mmoja yaweza kuachana kwa bei kama mbingu na ardhi. Hujibu pia kwamba vito vingi vya zamani si vya asili, na hilo nalo lina ukweli wake. Tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa ndimi za moto, mawe ya kiwandani yameenea dunia nzima. Lakini hayo si kioo. Kwa ugumu na kwa madini yake ni yakuti, ila hayakuzaliwa na ardhi. Jicho tupu haliyabagui. Huyabagua mtu aliyefundishwa, kwa lenzi ya kukuza mara 10, akitafuta viputo na mistari iliyopinda ndani ya jiwe. Hata wafalme walikosea: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la Uingereza, liitwalo yakuti ya Black Prince, ni spineli. Basi huyu wa dukani, asiye na lenzi wala maji ya kupimia, amejuaje kwa mtazamo mmoja kuwa jiwe la bibi ni kioo?

Tena elimu hii si ngeni kwa watu wa bahari hii. Katika karne ya 11 al-Biruni alikwisha kuyapima mawe kwa maji, akalinganisha uzito wa jiwe na wa maji linayoyasukuma. Kiswahili nacho husema yakuti kwa jiwe jekundu na yakuti samawi kwa la buluu, na maabara zimethibitisha kwamba yote mawili ni madini mamoja.

Washairi hawana pa kujificha. Wamemwaga zumaridi, feruzi, lulu na marijani katika beti za mahaba kana kwamba ni majina manne ya mng'aro mmoja. Zumaridi aghalabu huwa na nyufa ndani, hutiwa mafuta ili zisionekane, na moto wa sonara anayepanua pete waweza kuipasua. Mpenzi aliyefananishwa nayo ameitwa, bila ya mshairi kujua, mtu wa nyufa za siri asiyestahimili joto. (Pengine baadhi yao walijua.)

Mwezi Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kutoka Merelani, kubwa likizidi kilo 9, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nchi nzima ikashangilia uzito wa jiwe. Tanzanaiti hiyohiyo ikishakatwa, ikatiwa petini, ikavaliwa miaka ishirini, ikirudi dukani huambiwa haina bei.

Kinachodaiwa ni kidogo mno. Jiwe litolewe mbele ya mwenyewe kabla ya dhahabu kupimwa. Lipimwe peke yake, kwa karati zake. Stakabadhi iandikwe gramu na karati za dhahabu, kisha jina la jiwe na uzito wake. Na pale sonara asipolijua jina, aandike "halikutambuliwa", asiandike "kioo". Asipotaka kulinunua, alirudishe. Arusha kuna kituo cha jemolojia kinachofundisha vijana kuvitambua na kuvikata vito, na lenzi ya mara 10 hutoshea katika mfuko wa kanzu.

Na mwenye pete, akiambiwa ni kioo, akiombe kioo chake.