Land Cruiser 'mkonga' jipya: Injini ndogo itahimili mchanga wa Newala?

Masasi. Uliza kijiwe chochote cha madereva hapa mjini ni gari gani la kupanda nalo Newala wakati wa masika na kurudi salama, jibu litakuja kabla hujamaliza swali: mkonga. Wanamaanisha Land Cruiser la kazi, lile lenye bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Ubishi unaanza ukiuliza mkonga upi, wa zamani au huu mpya.

Toyota ilitangaza mabadiliko ya gari hilo Agosti 2023. Taa za mbele zilirudi kuwa za mviringo kama za miaka ya nyuma, na ndani mkaongezwa vifaa vya kisasa. Hayo hayajamkera mtu. Kilichogawa watu ni injini mpya ya lita 2.8 yenye silinda nne, kwenye gari ambalo wengi wamezoea kulijua kwa silinda sita au nane.

Kwa mtu wa barabara ya lami, huo ni ubishi wa kupitishia muda. Kwa Masasi na Newala ni jambo zito kidogo. Magari ya familia hiyo ndiyo yanayobeba wagonjwa kutoka vijijini hadi Hospitali ya Mkomaindo. Pikapu zake hubeba salfa ya mikorosho kabla ya msimu na magunia ya korosho msimu ukifika. Likizima katikati ya mteremko usiku, kuna mtu hatafika alikokuwa anakwenda.

Nini hasa kimebadilika

Familia ya Land Cruiser 70 imekuwa sokoni tangu Novemba 1984. Injini iliyoijengea jina Afrika inaitwa 1HZ, ilianza mwaka 1990. Ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya mafuta inafanya kazi kimakanika. Fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuirudisha.

Mwaka 2007 ikaja V8 ya dizeli, lita 4.5, yenye turbo.

Injini ya sasa ya lita 2.8 inaitwa 1GD. Ni ndogo kwa umbo, lakini kwa nguvu ya kuvuta inazipita zote mbili. 1HZ inatoa niutoni mita 285, V8 ya mkonga 430, na 1GD inafika 500. Kwenye mkonga ilianza kutolewa na gia otomatiki za spidi sita.

Kwa hiyo anayesema injini ndogo haitapanda Newala na mzigo amekosea. Itapanda, tena kwa kutumia mafuta machache kuliko V8. Swali la maana ni itapanda kwa miaka mingapi, na siku ikikataa nani ataiamsha.

Wanaotetea la zamani

Hoja ya kwanza ya wanaopenda 1HZ ni kwamba haina mambo mengi. Haisubiri kompyuta iamue kama iwake au isiwake. Ikipata hewa, dizeli na betri yenye moto wa kuwasha, inakwenda.

Hoja ya pili ni spea. Injini ambayo imetumika kwa zaidi ya miaka 30 imeacha vipuri kila kona. Fundi akikosa kipya, atapata cha gari lililokufa, na gari litatembea kesho yake.

Hoja ya tatu ni kwamba injini kubwa isiyo na turbo haijikamui. Nguvu yake ni ndogo, lakini chuma chake ni kingi, kwa hiyo inavumilia dereva mkorofi na siku ambazo oili ilichelewa kubadilishwa.

Hizo ni hoja za kweli. Hata hivyo zinaficha kitu. 1HZ nayo ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati, na ukikatika gari linaweza kuharibika vibaya. Ni nzito kupanda mlima ikiwa na mzigo, na dereva hulazimika kuinyonga gia za chini mwendo mrefu. Sifa ya kutokufa imewafanya wamiliki wengi waache kulihudumia, halafu siku likifa wanamlaumu fundi.

Wanaolikubali jipya

Upande wa pili wanasema 1GD inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, hivyo chanzo kimoja cha balaa kimeondoka. Wanasema pia nguvu yake inatoka mapema, injini ikiwa bado iko chini, na hiyo ndiyo anayoitaka mtu aliyekwama kwenye mchanga laini.

Na kuna jambo ambalo wabishi wengi hulisahau: injini hii si ngeni. Toyota iliitoa mwaka 2015 na ndiyo iliyofungwa kwenye Hilux, Fortuner na Prado. Mkonga umeipokea ikiwa na miaka minane ya kazi. Anayetaka kujua tabia yake mkoani Mtwara hana haja ya kusubiri mkonga mpya uzeeke. Amtafute mwenye Hilux ya 2016 au 2017 inayofanya kazi za shamba, amuulize ameshabadilisha nini na kilimgharimu kiasi gani.

Ya Marekani na Australia

Wasiwasi juu ya injini mpya haupo kusini mwa Tanzania peke yake. Wamarekani, wanaopenda pikapu kubwa kuliko watu wengine duniani, wamepata somo lao.

Toyota Tundra ilipofanyiwa mabadiliko kwa mwaka 2022, ilitupa V8 ya lita 5.7 na kuchukua V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili. Mei 2024 kampuni ikaita magari takriban 102,000, Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini na kuizimisha safarini.

Waliosema tatizo ni injini ndogo walipata cha kushangilia, lakini haikuchukua muda. Aprili 2025, General Motors ikaita magari karibu 600,000 nchini Marekani, zikiwemo pikapu za Chevrolet Silverado na GMC Sierra. Hizo zilikuwa na V8 kubwa ya lita 6.2. Baadhi zilihitaji injini mpya, na zilizopita ukaguzi zikaandikiwa oili nzito zaidi.

Kwa hiyo kuhesabu silinda hakutoshi. Injini ndogo iliharibika, na kubwa nayo ikaharibika, na kote kosa lilianzia kwenye utengenezaji.

Kesi ya Australia inatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu inagusa familia hiihii ya 1GD. Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya 2015 na 2020, zaidi ya 260,000, zilikuwa na kichujio cha moshi kilichoshindwa kujisafisha ipasavyo. Wenye magari walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikakubali kwamba magari yalikuwa na kasoro. Injini yenyewe haikuwa mshtakiwa. Mshtakiwa alikuwa kifaa kilichofungwa kwenye bomba la moshi.

Fundisho kwa mnunuzi wa huku ni dogo na la moja kwa moja. Magari yenye jina moja hutoka kiwandani na vifaa tofauti kulingana na soko. Anayeagiza lililotumika kutoka nje aulize kwanza kama lina kichujio hicho, maana kinataka dizeli safi na safari ndefu za mwendo wa kasi, na vyote viwili ni adimu kwenye njia za vijijini.

Adui wa kwanza ni mafuta

Tanzania inalijua vizuri neno uchakachuaji. Lilipata umaarufu wakati dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo. Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Hali ilibadilika sana vituoni.

Lakini kijijini dizeli bado hupimwa kwenye dumu. Dumu lililokaa jua na mvua linaingiza maji na mchanga bila mtu kukusudia. 1HZ italalamika, itatoa moshi, itaendelea. Injini mpya inasukuma dizeli kwenye nozeli kwa presha inayozidi mara 2,000 ya hewa ya kawaida. Kwa presha hiyo, punje ya mchanga inafanya kazi ya msasa na tone la maji linakula chuma. Nozeli nne zikienda kwa pamoja, bili yake inaweza kumfanya mwenye gari aliegeshe.

Adui wa pili ni vumbi. Mchanga wa uwanda wa Makonde kiangazi unakuwa unga. Turbo inavuta hewa nyingi, na filta ya hewa iliyotoboka au ya bei ya kutupa inapeleka unga huo moja kwa moja kwenye silinda. Hapa injini zote mbili ni sawa, isipokuwa mpya inaadhibu haraka zaidi.

Fundi yuko wapi

Ukiyaweka hayo pamoja, uimara wa gari Masasi unahesabiwa kwa siku linazokaa juu ya mawe.

Mkonga wa zamani unaweza kuharibika mara tatu kwa mwaka na kila mara ukarudi barabarani keshokutwa. Jipya linaweza kuharibika mara moja tu, kisha likasubiri wiki tatu nozeli au kifaa cha umeme kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 600. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara. Kwa kituo cha afya chenye gari moja la wagonjwa, hizo ni wiki tatu za bodaboda kubeba wajawazito.

Gereji nyingi za miji ya wilaya zimelelewa na 1HZ. Vijana wenye mashine ya kupimia gari kwa kompyuta wanaongezeka, na wapo wazuri. Lakini kusoma alama ya kosa kwenye kioo ni hatua ya kwanza tu. Kujua kama kosa limetoka kwenye nozeli, waya au dizeli chafu kunahitaji mafunzo, na mafunzo hayaji na gari kwenye meli.

Halmashauri zina mzigo wa ziada. Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia TEMESA, na ununuzi wake una taratibu zake. Bajeti ikiweka pesa ya kununua gari jipya bila kuweka ya filta, oili sahihi na mafunzo ya fundi na dereva, gari litazeeka kabla ya umri wake.

Lami inakuja, lakini si kila mahali

Kuna hoja kwamba ubishi wote utakwisha lami ikikamilika. Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na Daraja la Mwiti. Ikiisha, safari ya kushuka kutoka Newala itakuwa nyingine kabisa, na injini mpya itajisikia nyumbani.

Hata hivyo mgonjwa haanzii barabara kuu. Anaanzia kitongojini, na korosho zinaanzia shambani. Kilomita hizo za mwanzo zitabaki za mchanga kwa miaka mingi, na ndizo zinazolivunja gari. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka mikoa ya kusini, na karibu kila gunia lilipita njia ya namna hiyo kabla ya kuona lami.

Kabla ya kulipa

AMCOS, halmashauri au mkulima anayepanga kununua pikapu msimu huu anaweza kuokoa pesa kwa kuuliza mambo manne. Nani hapa Masasi amewahi kufungua injini hii? Nozeli na filta zinapatikana Mtwara, au hadi Dar? Dizeli itanunuliwa kituoni au kwenye dumu? Na nani atalipia huduma baada ya mwaka wa kwanza?

Majibu yakiwa mazuri, la lita 2.8 ni gari la kazi kwelikweli na litavuta kuliko V8. Majibu yakiwa ya kusitasita, 1HZ bado ni chaguo la akili, mradi mkanda wa taimingi usisahaulike. Kwa anayenunua lililotumika, ushuru wa uchakavu nao uingie kwenye hesabu, kwa sababu gari kuukuu linaloonekana rahisi mnadani linaweza kuwa ghali likifika bandarini.

Na kwa kituo cha afya chenye gari moja tu, jibu la swali la kwanza lipatikane kabla gari halijaagizwa. Likishazima mteremkoni saa nane usiku, mgonjwa akiwa nyuma, hakuna atakayeuliza lilikuwa na silinda ngapi. Wataulizana namba ya fundi.