Anga Haikai Ndani ya Kishikwambi

Juzi nilikaribishwa katika shule moja ya msingi, jina lake nalihifadhi, nikakaa dawati la nyuma kusikiliza kipindi cha sayansi. Mada ilikuwa mfumo wa jua. Mwalimu, kijana mwenye ari, alikuja na projekta ya kuazima, kompyuta mpakato yake mwenyewe na bando alilolinunua kwa fedha ya mfukoni mwake. Akafungua filamu: Kiingereza cha puani, muziki wa kishindo, sayari zinajizungusha kama pia. Watoto wakapiga makofi. Kengele ikalia. Pale mlangoni nikamwuliza binti mmoja, "Mwanangu, Zuhura iko wapi?" Akanyoosha kidole ukutani, mahali picha ilipokuwa. Na jioni ile ile, ndugu msomaji, Zuhura ilikuwa juu ya paa la shule inang'aa kama karabai, na hakuna aliyemwambia binti yule ainue macho.

Siandiki haya kumcheka mwalimu. Amefanya ambayo wengi wetu hatujayafanya, na laiti kila shule ingekuwa na wanne wa namna yake. Naandika kwa kuwa kosa lile dogo ni letu sote tangu mtandao uingie madarasani: tumeufanya sinema. Mtoto anakaa, anatazama, anafurahi, kisha anaondoka mikono mitupu. Dai langu ni moja tu. Kila cha sayansi tunachokichota mtandaoni kimfikishe mtoto kwenye kitu cha kushika, cha kupima au cha kutazama kwa macho yake mwenyewe. Kisipomfikisha huko, heri chaki.

Najua nitajibiwa upesi kwamba vifaa hatuna. Kweli, lakini nusu yake. Kenya ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijitali kwa watoto wa darasa la kwanza. Tanzania nayo iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022. Na ukiacha hivyo, hesabu simu janja zilizomo katika chumba cha walimu saa nne ya chai, zinavyofuatilia habari za usajili wa Simba na Yanga. Nimepata kuonyeshwa kabati, sisemi wapi, limejaa vishikwambi chini ya kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mkuu wa shule, wa pili haujulikani uliko. "Tunaogopa vitaharibika," nikaambiwa. Vumbi la juu ya kabati lile lingeotesha mchicha.

Haya, tuseme simu moja ipo, au kompyuta moja. Ifanye nini?

Iko programu ya bure iitwayo Stellarium. Inaonyesha anga ilivyo juu ya mji au kijiji chochote, usiku wowote, na ukishaipakua kwenye kompyuta haidai mtandao tena. Mwalimu aiweke kijijini kwake, saa mbili usiku wa leo, kisha awaambie watoto wamtafutie Kilimia. Wengi watakuwa wamelisikia jina hilo kwa bibi au babu. Ni kile kishada cha nyota ambacho wazee walikiita hivyo kwa sababu ya kulima, kwa kuwa kwa kuchomoza na kuzama kwake walijua mvua i karibu au inakwenda zake. Zoezi la nyumbani liwe moja: usiku tokeni nje mkihesabu nyota zake. Yuko atakayerudi na sita, yuko atakayerudi na saba, na yuko mjuaji atakayedai kumi. Waachwe wabishane. Hapo ndipo mwalimu awafungulie picha ya kishada hicho hicho iliyopigwa kwa darubini, waone kwamba nyota zake zinapita elfu moja.

Wala asiishie hapo. Awaambie kwamba Kilimia kiko mbali nasi kiasi cha miaka ya nuru 440. Maana yake, nuru iliyogusa macho yao jana usiku ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Mtoto akiambiwa "miaka ya nuru 440" anaandika daftarini, akaimaliza kwenye mtihani. Akiambiwa habari ya Wareno, usiku anatoka tena nje kutazama. (Zoezi hili lafaa kati ya Novemba na Machi. Ukilijaribu Juni, jioni Kilimia hukioni, na swali "kimekwenda wapi?" ni kipindi kingine kizima.)

Nataka nikawie kidogo kwenye jambo la pili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halina gharama ila kijiti.

Tazama ramani. Mwanza na Mbeya karibu ziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini kwenda kusini. Tuchukue shule moja ya Mwanza na moja ya Mbeya, walimu wake wawe wamefahamiana kwa simu. Tarehe 15 Mei, kila shule isimamishe kijiti cha mita moja uwanjani, wima kabisa, na watoto wapime kivuli kila baada ya dakika chache mpaka wakipate kile kifupi kuliko vyote, adhuhuri. Mwanza watapata kama sentimita 39. Mbeya watapata kama 53. Wachore pembetatu daftarini kwa kipimo kidogo, wapime pembe kwa kipimapembe, kisha walimu wabadilishane majibu. Tofauti ya pembe zao itakuwa nyuzi 6 na nusu hivi. Sasa wafungue ramani ya mtandaoni na kupima umbali wa moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili: kilomita 700 na ushei. Ikiwa nyuzi sita na kitu ni kilomita 700, je, nyuzi 360 ni kilomita ngapi?

Hesabu hiyo ni ya darasa la saba. Jibu litawaletea kilomita kama 39,000 au 40,000, na huo ndio mzingo wa dunia. Watoto wa uwanja wenye vumbi, kwa kijiti na kamba, wameipima dunia. Atakayeuliza nani wa kwanza kulifanya hilo aambiwe habari za Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ya Libya ya leo, aliyelinganisha vivuli vya miji miwili ya Misri miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, hapa hapa Afrika. Hakuwa na mtandao huyo. Sisi tunao, na kazi yake katika zoezi zima ni ndogo: ramani, na ujumbe kati ya walimu wawili. Kazi kubwa imefanywa na jua na watoto. Naam, nikiulizwa kipimo cha matumizi mema ya mtandao darasani, nitajibu hivi: kioo kiguswe dakika tano, uwanja upewe saa nzima.

Kwa shule isiyo na maabara, yako maigizo ya majaribio yaitwayo PhET, kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni ya bure, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Katika lile la umeme mtoto anaunga betri, waya na balbu kwa kidole. Akikosea, moto wa kuchora unawaka kiooni na darasa linacheka. Vizuri, acha acheke. Kisha apewe betri ya tochi ya kweli na balbu ya kweli.

Bando ni ghali? Ghali. Ndiyo maana nasema mwalimu achote usiku, au siku alipokwenda mjini, wala asingoje kuchota mbele ya darasa lenye kiu. Zimetengenezwa njia kwa ajili ya watu kama sisi: Kolibri hubeba masomo mazima na kuyafungua bila mtandao, Kiwix hubeba Wikipedia nzima ya lugha moja, na ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, si kubwa, inaenea kwenye simu ya kawaida. Picha nyingi za NASA ni mali ya umma. Waweza kuzichapisha na kuzibandika ukutani bila kumwomba mtu ruhusa. Picha moja iliyobandikwa mwezi mzima hufundisha kuliko mia zilizopita mbio.

Sasa nije kwenye lugha, na hapa nitasema bila kuficha. Katika shule za serikali za Tanzania Bara, mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, halafu anatupwa kwenye Kiingereza cha sekondari kama anayetupwa kisimani. Filamu za mtandaoni nyingi zinasemwa na watu wanaokimbilia basi. Mwalimu anayeifungua tu na kukaa pembeni amemwachia mgeni darasa lake. Aizime sauti! Aisimulie mwenyewe. Maneno tunayo, na ya zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Manahodha wa majahazi walizisoma nyota usiku katika misimu ya kaskazi na kusi kabla shule hizi hazijajengwa. Mtoto anayeyasikia majina hayo kwa mwalimu wake anaelewa kwamba anga haikuletwa kwa meli.

Na kama nataka ushahidi wa hilo, siendi mbali. Pwani ya Kenya, Ngomeni, kaskazini ya Malindi, iko minara ya chuma iliyosimama baharini. Wavuvi wanaipita kila siku. Ni kituo cha San Marco, kilichojengwa na Waitalia, na tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka pale ikiwa na setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na kwa heshima hiyo setelaiti ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima! Ilipanga orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake juu ya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ni miongoni mwa vilivyowafanya wataalamu waamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti ule, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Habari yote hii, picha na orodha yenyewe, imo mtandaoni, bure. Je, ni madarasa mangapi kati ya Lamu na Mtwara yamepata kuisikia? Nimewauliza walimu watatu wa fizikia. Wawili walidhani natania.

Vivyo hivyo kwa Kimondo cha Mbozi kule Songwe, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, ambalo watoto wengine wamelizoea kama jiwe la kukalia. Somo la vimondo lianzie pale, mtandao ufuate.

Neno moja la tahadhari. Kisima hiki kina maji machafu pia. Wako wanaouza unajimu kwa jina la elimu ya nyota, na wako wanaohubiri kwamba dunia ni bapa kama sinia. Mwalimu asiwakataze watoto kuwasikiliza. Awapeleke pwani, au hata ziwani, watazame jahazi likienda mbali. Mwili wake utazama kwanza, tanga litabaki, kisha ncha ya mlingoti. Kwenye sinia halizami hivyo.

Wazazi nao wasidhani hawahusiki. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kwa kama dakika 90, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na baadhi ya jioni huonekana kwa macho matupu kama nyota inayotembea bila kumetameta. NASA hutangaza saa za kupita kwake, mji kwa mji. Mzazi mwenye simu ana nini kinachomzuia kumshika mwanawe mkono na kutoka naye uani kwa dakika nne?

Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipatwa kwa umbo la pete na Rujewa, wilayani Mbarali, ikawa miongoni mwa mahali pazuri pa kulitazama. Watu walimiminika kutoka pande zote. Lakini ziko shule ambazo siku ile ziliwafungia watoto madarasani, milango na madirisha, wasije wakapofuka. Hofu ya macho ilikuwa ya haki. Jua halitazamwi bila miwani yake maalumu. Ila kadi yenye tundu dogo la sindano, ukilipa jua mgongo, huliangusha umbo lake kwenye karatasi nyeupe salama kabisa, na maelekezo ya kuitengeneza yanajaa nusu ukurasa. Watoto wale walikosa kwa sababu hakuna aliyeyasoma mapema.

Pete nyingine itapita juu ya ardhi ya Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Itakuwa Jumatano, asubuhi, masomo yamekwisha kuanza. Mtoto wa darasa la kwanza wa leo siku hiyo atakuwa bado shuleni. Kadi ni ya boksi la viatu, na sindano ya kutobolea iko nyumbani kwa mama.